Jibu la Kadi ya Mama

Sijui ni nani aliyetunga kile kijitabu cha jalada la kijani, lakini ningempata ningemlisha kurasa zake moja baada ya nyingine. Kila mtu hapa Eldoret aliyewahi kufanya mtihani wa kuingia ukarani wa serikali anakijua. Kina maswali na majibu ya masuala ya sasa: nani waziri wa nini, mahindi yatanunuliwa vipi, mtaala wa shule umebadilishwa wapi, bima ya hospitali inamlinda nani. Kimetolewa kopi juu ya kopi hadi herufi zimefifia. Tatizo ni kwamba sera zetu hazingoji wino ukauke. Ukimaliza kumkariri waziri, ameshahamishwa.

Mtihani huo nilikuwa nimeufanya mara mbili na kuanguka mara mbili. Mara ya tatu ingekuwa ya mwisho, kwa sababu hawachukui mtu aliyepita miaka thelathini na mitano, nami nilikuwa naikaribia mbio. Nina digrii. Wakati huo nilikuwa nachuuza maziwa ya ng'ombe wawili wa mama kutoka Kiplombe, mlango hadi mlango, na mpaka leo ndiyo kazi yangu. Siyadharau maziwa, ndiyo yaliyonisomesha. Lakini mtu akikuuliza "Si wewe ulisoma?" huku amekukingia sufuria, inauma.

Nilikuwa nasoma na rafiki yangu, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini. Babake alituachia chumba cha nyuma, tukawa tunakalia marobota ya vitambaa na kuulizana maswali. Muuza magazeti wa pale nje alituruhusu kusoma bure mradi tusiyakunje vibaya. Rafiki yangu alikuwa na kichwa cha kukariri, mimi nilikuwa na mdomo. Nikisoma kwamba mbolea ya ruzuku imemfikia kila mkulima, nilibishana na kijitabu kana kwamba kina masikio.

"Wewe soma tu," alikuwa akiniambia. "Utabishana nao ukishaingia ndani."

Wiki tatu kabla ya mtihani, mama aliamka akishindwa kupumua vizuri. Rafiki yangu aliomba pikapu ya babake, tukamkimbiza hospitali, ambayo sitaitaja. Mama alikuwa ameshika kadi yake ya bima, ile ya zamani, aliyokatwa mshahara kwa ajili yake miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha unga. Karani aliiangalia, akamrudishia.

"Hii haifanyi siku hizi, mama. Mambo ni ya simu sasa. Umejisajili?"

"Sijui hiyo kujisajili. Sasa mtanisaidia aje?"

"Leo system iko chini. Jaribuni kesho."

Kesho! Mtu anahema mbele yako, unamwambia kesho. Tulimtafutia daktari wa kulipa, na Mungu ashukuriwe, alipona. Aliyemshika mama mkono kutoka kwenye ile kaunta hadi kwenye gari ni rafiki yangu. Alisikia kila neno.

Siku ya mtihani likaja swali. Kweli au si kweli: mwananchi mwenye kadi ya bima, ile ile ya mama, atahudumiwa katika hospitali yoyote ya umma. Nililikodolea macho. Nilijua jibu la kijitabu ni "kweli". Nilijua pia magazeti yalikuwa yameshatangaza kwamba mpango huo umefutwa, na hata kama nisingeyasoma magazeti, mama yangu alikuwa ushahidi tosha. Huu ulikuwa mtihani wa masuala ya sasa, jamani, ya sasa! Nikaandika si kweli, nikaikandamiza kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Majina ya waliopita yalipobandikwa, la rafiki yangu lilikuwepo. Langu halikuwepo. Niliandika barua ya kulalamika, nikaitwa kuiona karatasi yangu. Aliyeniletea alikuwa afisa mzee, mpole, mwenye sweta iliyochoka viwiko. Nilikuwa nimepungukiwa na alama moja. Nikaweka kidole kwenye lile swali.

"Mzee, hii kadi ilifutwa."

"Najua. Hata yangu ilikataliwa."

"Basi hapa nimepata."

"Marking scheme iliandikwa kabla ifutwe. Sisi tunasahihisha vile imekuja, madam."

"Kwa hivyo mama yangu akienda na hiyo kadi atarudishwa, lakini mimi nikiandika atarudishwa, nimekosa?"

Alifunga faili taratibu. Akasema kama ingekuwa ni yeye, angenipa hiyo alama. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana una la kumjibu, lakini huyu alinisindikiza mpaka mlangoni na kunitakia siku njema.

Nilienda moja kwa moja hadi dukani.

"Lile swali la kadi uliandika nini?"

Rafiki yangu hakujifanya hajui ninachosema. "Niliandika kweli."

"Ulikuwa pale! Ulimshika mama mkono!"

"Nilikuwa pale. Lakini hawakuniuliza niliona nini. Waliniuliza kijitabu kinasema nini."

Nikamwita mwongo mbele ya wateja wa babake. Leo ana dawati na kiti cha kuzunguka, na tukikutana tunasalimiana kwa mbali. Nilimkosea, najua. Hakuwa yeye aliyeniangusha, ila ndiye niliyeweza kumfikia. Hasira hasara, wanasema. Mimi hasara nilishaipata, ikabaki hasira.

Jioni ile nilimkuta mama zizini akikamua. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, swali, jibu, alama moja, umri. Nilingoja awalaani. Nilitaka sana awalaani, tulaani pamoja hadi ng'ombe washtuke. Aliacha kukamua, akajifuta mikono kwenye leso.

"Kwa nini hukuandika vile wanataka? Mimi si nilikuwa nimeshapona?"

Nikachukua ndoo ya maziwa, nikaisogeza mbali na miguu ya ng'ombe.

"Pole, mwanangu," akasema. "Ni ugonjwa wangu umekukosesha kazi."

Aliyetunga kijitabu hakuniomba msamaha. Aliyesema system iko chini hakuomba, wala aliyefunga faili. Aliyeniomba msamaha ni yule waliyemrudisha.