Mkanda wa Cherehani Uliobaki Msumarini

Saa tatu asubuhi, fundi cherehani anakaa kwenye kigoda chake, anavaa miwani, analamba ncha ya uzi na kuupitisha kwenye tundu la sindano. Anakandamiza swichi kwa mguu. Mota inanguruma, na mkono wa sare ya shule unaanza kuungana na bega.

Ghafla, kimya. Umeme umekatika.

"Pumzika, baba, utarudi sasa hivi," anasema bintiye kutoka kwenye meza ya kukatia.

Fundi anageuza kichwa. Macho yake yako kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa kwenye msumari. Zamani, mtaa mzima ukikosa umeme, duka hili liliendelea kushona. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, ikizungushwa na mkanda huo.

Kisha figo zikashindwa kazi. Tangu hapo husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Siku moja akitoka kliniki alianguka mlangoni mwa duka. Wiki hiyohiyo binti alileta mota na kuufungua mkanda. Vitambaa akabeba yeye. Maji ya kuoga, baba akapelekewa. Hata chai alikorogewa.

"Nililelewa kama yai," fundi anamwambia bintiye, akicheka kidogo. "Miaka miwili. Halafu siku moja nataka kuinuka kwenye kigoda, magoti yakakataa. Zilizougua ni figo, mwanangu. Miguu tumeiua wenyewe."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa kliniki yake hakwepi lawama. "Hata sisi tulikuwa tunawaambia wapumzike tu," anasema. "Tulichelewa kuwanyanyua."

Siku hizi, kwa ruhusa ya daktari, humfungia fundi pedeli ndogo mwisho wa kitanda. Anakanyaga taratibu huku mashine ikimsafisha damu, mkono wenye sindano ukiwa umetulia juu ya mto. Wagonjwa wenzake hawaachi kumtania.

"Fundi, unashona gauni la nani?"

"La mkeo. Kaniambia nisikwambie."

Chumba kizima kinaangua kicheko. Muuguzi anawakemea, lakini naye amegeuka ukutani kuficha meno.

Sasa fundi anainuka mwenyewe, ingawa kwa kushika meza. Nguvu za zamani hazitarudi zote; mtaalamu hakumficha. Fundi naye hazitaki zote. Anataka kushona sare kwa miguu yake tena, hata kama kila mshono utamlazimu kutua kuvuta pumzi.

Umeme bado haujarudi. Fundi anashika ukingo wa meza, anainuka, anautoa mkanda msumarini. Ngozi imekakamaa.

"Nifungie, mama."

"Baba, mtaalamu alisema..."

"Alisema nikanyage. Ulikuwepo, ukaitikia kwa kichwa. Sasa sijui unanihurumia au umenifunga jela."

Binti anaupokea mkanda. Anaukunja, anaukunjua. Anapiga magoti kando ya cherehani na kuanza kuuzungusha kwenye gurudumu, uso ameuinamisha.

"Sikuleta mota kwa ajili ya miguu yako," anasema hatimaye. "Nilikuwa nakata nguo pale, nasikia unavyokanyaga, kila siku polepole kuliko jana. Mota haichoki, baba. Nilitaka masikio yangu ndiyo yapumzike."