Laptopu Chini ya Kitambaa

Mimi ni mtu wa mashine. Kiwandani Thika ninasimamia mtambo wa kufungasha biskuti, na ukikwama najua umekwama wapi hata kabla sijauvua kifuniko. Kwa hivyo pale plotini tunapopanga Ruiru, kompyuta ya mtu ikigoma, mimi ndiye huitwa. Lakini mganga hajigangi. Kompyuta mbili zilizonishinda ni zangu mwenyewe, na zilinishinda kwa siku kumi nzima.

Mpangilio ulikuwa rahisi. Chumbani kwetu mtandao haushiki kabisa, maana kuta ni za mawe na dirisha linatazama ukuta wa jirani. Sebuleni unashika vizuri. Basi nilichomeka modemu kwenye laptopu ya sebuleni, nikapitisha waya wa samawati chini ya mlango hadi kwenye kompyuta kubwa ya chumbani, nikaiamuru laptopu igawane intaneti na mwenzake. Ilifanya hivyo miezi mitatu bila kunung'unika.

Aliyeihitaji zaidi ni mke wangu. Alikuwa anamalizia diploma ya ualimu wa chekechea, kozi aliyoiacha alipokuwa na mimba ya mtoto wetu, akairudia mtoto alipofika gredi ya nne. Kilichobaki ni kimoja tu: kuutetea mradi wake kwa video mbele ya walimu watatu, Alhamisi saa nne asubuhi. Walishaonya kwamba mtu akikatika katikati atangojea kundi lijalo, na kundi lijalo ni mwaka mwingine. Kamera ya laptopu ilikuwa imekufa, kwa hivyo ilikuwa lazima atumie ile ya chumbani.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo mama yangu alikuja kutoka upande wa Kakamega kupimwa macho. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli tulipona. Mtoto alianza kulala mapema, na sebule yote ikavishwa nguo. Mama hufuma vitambaa, na hata macho yakikataa vidole vinajua njia. Viti vilivishwa, redio ikavishwa, hata ndoo ya maji ya kunywa. Kwake yeye, nyumba ambayo mgeni anaingia na kukuta vitu viko uchi ni nyumba isiyo na mama.

Intaneti ya chumbani ikaanza kukatika.

Mke wangu akisema imepotea, nilikuwa naenda sebuleni, naondoa kitambaa, naifungua laptopu, nakuta taa ya modemu inawaka na kurasa zinafunguka. Nikirudi chumbani, nako mambo ni safi. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha zile nambari ambazo kompyuta hutambuana kwazo. Nilinunua modemu nyingine. Kila nilipomaliza ilifanya kazi, nikajipongeza, na kesho yake ikakatika tena. Nilipoishiwa na ujanja nikamlaumu mke wangu, nikamwambia anafungua vitu vingi kwa wakati mmoja. Hakujibu. Nilichukua kimya chake kuwa ni kukiri kosa, jambo ambalo mwanamume aliyeoa miaka kumi na miwili hapaswi kulifanya.

Jumanne nilikuwa na zamu ya usiku, kwa hivyo asubuhi ilinikuta nyumbani. Wanawake wa kanisa walibisha hodi kuja kumsalimia Mama. Nikamwona anainuka, anaifunga laptopu, anaitandikia kitambaa vizuri mpaka kwenye pembe, ndipo akaenda kufungua mlango. Laptopu ile ikifungwa hulala, na ikilala haina cha kugawa. Siku zote hizo nilikuwa naiamsha mwenyewe kila nilipokwenda kuichunguza, kisha nasema sioni ugonjwa.

Nilifungua mdomo niseme. Mke wangu, aliyekuwa anatoka jikoni na vikombe, akanikata jicho, nikanyamaza. Baadaye, tukiwa jikoni wawili, aliniambia alijua tangu wiki iliyotangulia. Mama akitoka nje, yeye huja polepole, akaifunua laptopu na kuifungua, kisha akarudi kusoma.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ungemwambia," akasema. "Mtu ametoka mbali hivyo, anatupambia nyumba, halafu aambiwe anaharibu? Na aambiwe vile wewe huambia watu?"

Alisema kweli. Nikaingia kwenye mipangilio ya laptopu, nikaiagiza isilale hata ikifungwa. Kazi ya dakika mbili. Nikamtangazia mke wangu kwamba Alhamisi Mama afunike apendavyo. Alicheka, akaniambia nirudishe ile modemu mpya dukani.

Alhamisi saa nne alijifungia chumbani. Laptopu ilikuwa imefungwa na kufunikwa, na mimi na Mama tumekaa kimya sebuleni. Tulimsikia kwa mbali akieleza jinsi watoto wanavyojifunza kuhesabu kwa vizibo vya chupa. Zilikuwa zimepita kama dakika ishirini, Mama akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Hii kitu inapumua vibaya," akasema.

Sikuwa nimesikia chochote, mimi mtu wa mashine. Feni ilikuwa inalia chini ya kitambaa, na nilipoweka kiganja pale juu, palikuwa moto kama sufuria. Niliizuia kulala bila kufikiria itapumulia wapi, na sasa ingeweza kuzimika wakati wowote, mke wangu akiwa katikati ya sentensi. Niliogopa hata kuifungua. Mama alishaondoa kitambaa, akainua kifuniko taratibu, akachukua gazeti na kuanza kuipepea kama anayechochea jiko la makaa. Polepole feni ikatulia.

"Bibi yako hapendi hizi vitambaa," akasema huku akipepea. "Nikifunika nitoke nje, nikirudi napata amefunua. Hajaniambia kitu, yeye ni mtu wa heshima. Kesho nitaenda nyumbani. Macho walishanipima."

Nikamweleza yote kwa sauti ya chini, kwamba mke wangu alikuwa anafunua ili mtandao umfikie chumbani, na kwamba alinyamaza ili asimuumize. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuacha kupepea.

Saa tano kasorobo mlango wa chumbani ulifunguka. Mke wangu alisimama pale kama mtu asiyejua aweke mikono wapi.

"Wamenipitisha," akasema.

Mama aliweka gazeti chini, akamwita akae karibu naye, akamshika mkono. "Umesumbuka hivyo juu yangu, na ungeanguka mtihani," akamwambia. "Mimi si mgeni wa kuogopwa. Nikikosea, uniambie."

Mke wangu alilia, na mimi nilikuwa karibu kulia. Mama akanituma jikoni nikaweke chai, akasema habari za kusafiri kesho tuachane nazo. Nilikuwa natafuta majani nilipomsikia mke wangu akipenga kamasi na kuanza kuongea.

"Basi Mama, kama ni kusema," akasema, "ile sukari unatuwekea kwa chai ni mingi sana."

Mama alicheka mpaka akakohoa.