Kazi Aliyotuitia Mjomba

Sijawahi kumheshimu mjomba wangu, na kufa kwake hakujanibadilisha. Watu husema marehemu hasemwi. Huyu nitamsema, kwa sababu ndiye aliyetutoa Moshi akatupeleka Arusha, na kwa sababu alipokuwa hai alisemwa kidogo mno.

Baba yangu alikuwa mnyapara wa wapagazi. Miaka mingi alitangulia mbele ya watu sitini kutoka Tanga hadi Moshi, safari nyingine hadi Arusha, wakipanda na vitambaa na chumvi, wakishuka na ngozi na pembe. Alikuwa na majivuno ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Hata nyumbani akiomba maji ungedhani anaamuru kambi ivunjwe.

Kisha reli ya Wadachi ikafika Moshi. Garimoshi likawa linashusha asubuhi moja mizigo ambayo watu wake wangeihangaikia mwezi mzima. Baba alilicheka. Alisema mvua zikija chuma kile kitazama. Mvua zikaja, garimoshi likapita. Wenye maduka wakawa wanamwambia, "Tutakuita," naye, mtu mzima na ndevu zake, akaamini. Kila asubuhi alivaa kanzu akaenda kukaa barazani kwao, asije akakosekana wakimhitaji. Mama alitwanga mahindi ya vibarua wa reli, akaambulia pumba. Tulikula pumba hizo. Tuliuza mbuzi, kisha kitanda. Baba aliendelea kukaa barazani.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama. Alifanya kazi kwa Kaburu mmoja aliyekuwa na shamba huko Nduruma, chini ya Mlima Meru. Siku moja mnunuzi wa ngozi alituletea salamu zake: shemeji aje upesi, bwana anatafuta mnyapara, na nyumba ipo.

"Hiyo nyumba umeiona?" mama akamuuliza.

"Sikuiona."

"Na huyo bwana?"

"Nilimwona ndugu yako tu."

"Basi hujaona kitu," mama alisema. Lakini pumba zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo tulikwenda.

Tulitembea siku nne. Baba alitangulia, kifua mbele, kana kwamba wale watu sitini bado wako nyuma yake. Nyuma yake alikuwepo mama, amembeba mdogo wangu mgongoni, na mimi na chungu kichwani. Kila tulipofika penye kivuli alipaza sauti kutuamuru tutue mizigo. Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi, na nilimwonea aibu.

Mjomba alitupokea njiani karibu na shamba. Alikuwa amevaa viatu vikuukuu vya bwana wake, kimoja cheusi, kingine cha kahawia, na alikuwa amejifunza kukohoa Kizungu.

"Shikamoo, dada," alisema, mikono mfukoni. Mzigo hakuupokea hata mmoja.

"Marahaba. Nyumba iko wapi?"

Nyumba ilikuwa banda la ndama. Ndama walikuwa wamehamishwa asubuhi ile, samadi yao imebaki. Na kazi haikuwa ya unyapara. Kaburu alikuwa na gari refu la kukokotwa na ng'ombe kumi na wanne, analolituma Moshi kuchukua mizigo ya reli. Baba angetembea mbele akiwaongoza ng'ombe wa kwanza kwa kamba, kazi ambayo kwa Makaburu wengine hupewa watoto.

"Ulisema mnyapara," mama akamwambia.

"Si atatangulia mbele?" mjomba akajibu. "Mnyapara kazi yake si kutangulia?" Akacheka peke yake.

 Baba alichukua kipande, ile kadi ya kutiwa alama kila siku ya kazi mpaka siku za mkataba zitimie, akashika kamba.

Yule Kaburu alikuwa na ndevu za rangi ya uji. Kila jioni alisoma kitabu cha Mungu barazani. Mchana alitukana watu na ng'ombe bila kubagua. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu: leta, toka, haraka. Neno likizidi hapo, mjomba ndiye aliyekuwa mdomo na masikio yake.

Masika yalipokolea, gari lilikuwa likirudi kutoka Moshi na magunia ya unga, plau, na kabati la kioo la mke wa Kaburu. Kaburu mwenyewe alikuwa amepanda farasi kwenda kulilaki kabati hilo kwenye kivuko cha mto. Mama na mimi tulikuwa hapo hapo tukifua, pamoja na wanawake wa Kimeru walioshuka na ndizi zao kubadilishana mahindi. Kwa hiyo sikusimuliwa, niliona.

Baba aliwasimamisha ng'ombe. "Bwana, maji yamejaa. Tushushe mizigo ivushwe kwa vichwa, gari livuke tupu."

Kaburu alimgeukia mjomba aliyekuwa juu ya gari na mjeledi. Akamuuliza kwa lugha yake, anasema nini huyu?

"Anaogopa maji, bwana," mjomba akasema.

Mjeledi ukalia. Katikati ya mto gurudumu likadidimia, gari likalala ubavu, ng'ombe wawili wakafa maji wakiwa ndani ya nira. Kaburu alisimama ukingoni akitukana kwa lugha yake. Mjomba alikuwa wa kwanza kufika nchi kavu.

Hapo ndipo niliposikia sauti ya baba, ile iliyokuwa ikisifiwa Moshi. Alikata kamba, akaokoa ng'ombe waliobaki. Akawaita wanawake wa ndizi na wanaume waliokuwa wakizibua mfereji, akawapanga majini mstari mmoja, wenye nguvu upande wa juu wa mkondo. Kila mtu alijua pa kushika. Hata kabati lilitoka, kioo kimepata ufa. Siku ile nilijivunia baba yangu, kwa muda wa kuchemsha kiazi.

Kwa maana Kaburu aliuliza ni nani aliyewaongoza ng'ombe vibaya.

"Ni shemeji yangu, bwana," mjomba akajibu.

Baba alilazwa kifudifudi kando ya gurudumu, akachapwa viboko kumi na vitano. Mjomba alimshika miguu. Ilipokwisha, baba alisimama, akasema, "Ahsante, bwana," kama ilivyotakiwa. Kwa miaka mingi ahsante ile ilinichukiza kuliko viboko. Leo najua mtu mwenye kipande kisichokwisha hana maneno mengi ya kuchagua. Bado siipendi.

Mama alikamua nguo zake, akaziweka kwenye beseni. "Kuanzia leo sina ndugu," alimwambia mjomba, kisha akamwendea mwanamke mmoja wa Kimeru waliyesaidiana naye kulitoa kabati.

"Kwenu kuna kazi?"

Mwanamke yule alikuwa na Kiswahili kidogo. "Kazi ipo," alisema. "Kazi haiishi."

Tulipanda naye mlimani siku ile ile. Alitupa pembe ya shamba lake la migomba. Sisi tukampalilia na kumsafishia mfereji. Baba alimaliza kipande chake, akatufuata baada ya miezi miwili, amekonda, akapiga hodi kama mgeni. Mama alimpa jembe. Alikuwa hajawahi kulima, na mistari yake ya kwanza ya migomba ilipinda hata majirani wakawa wanakuja kuitazama. Alijifunza.

Waingereza walipoingia, Kaburu alifungasha akaenda zake. Mjomba akapanda kwetu. Safari hii aliinama vizuri alipotoa shikamoo. Mama alimtengea mtori bila neno. Alikula nusu, akajipangusa, akatazama shamba juu na chini.

"Unaona, dada," alisema. "Kama nisingewaita, msingepata haya yote."

 Baba, ambaye makovu yalikuwa bado mgongoni mwake, alicheka, akasema, "Kweli, shemeji."

Nilinyanyuka nikaliondoa bakuli mbele ya mjomba, mtori ukiwa bado nusu, nikaenda kuliosha.