Fomu Isiyo na Nafasi ya Akiba

Siku hizi, mchoro wa usajili wa timu za roboti katika kanda yetu ukionyeshwa mkutanoni, mstari unapanda mpaka wageni huniuliza siri. Wengi hudhani ni shule mpya. Shule mpya zimekuja, ndiyo, hata kutoka Kabras kwenye mashamba ya miwa. Lakini mstari ulianza kupanda kabla yao, na ninajua ulianzia wapi kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Nilikuja kwenye roboti kutoka kunoa timu ya mpira wa magongo, nikaja na desturi za uwanjani. Nilifanya mchujo, nikachagua wasichana hodari, waliobaki nikawaita akiba. Walimu wenzangu wa Kakamega walifanya vivyo hivyo. Sisi ni watu wa mpira. Hakuna aliyejiuliza akiba ataingia lini katika mchezo ambao haubadilishi wachezaji.

Siku ya usajili, mmoja wa akiba wangu, msichana wa kidato cha tatu, alinifuata maabara.

"Madam, mimi nashikanga tu betri. Mwaka ujao ni mtihani, hawataniruhusu. Imebaki nafasi hii tu."

Nilitaka kumwambia subira huvuta heri. Aibu ikanizuia. Nilifungua fomu kwenye kompyuta nimtafutie pa kuandikwa, na kwa mara ya kwanza nikaisoma yote. Nafasi ya akiba haikuwemo. Chini kulikuwa na kitufe: ongeza timu.

Mwalimu mkuu alikataa. "Shule moja, timu moja. Mkienda mbili, mimi nitashangilia gani?"

"Zote, mwalimu. Sauti unayo."

Alicheka, akakubali. Mchana huohuo niliwapigia simu walimu wa shule jirani, mmoja mmoja, nikiwauliza akiba wao ni wangapi. Usajili ulipofungwa, shule nyingi zilikuwa na timu ya pili. Simwombi mtu radhi kwa kujivunia hilo.

Siku ya mashindano, roboti ya timu yetu ya pili ilikwama katikati ya meza, gurudumu likizunguka bure. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Yule msichana, ambaye sasa alikuwa nahodha, hakuinua hata macho.

"Madam, usiguse. Nimeona shida."

Nikaurudisha mkono. Nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kushinda kombe, na papo hapo nikaona haya kwa mwaka mzima niliompotezea.