Mkate wa Kwendea Shule

Nilisikia mpasuko kabla sijafumbua macho. Mpasuko mmoja mkavu, kisha maji yakitiririka ndani ya bakuli. Wiki ile kijiji kizima kilikuwa kikiota kuchapwa viboko, na mimi nilidhani mtu amepasuliwa kichwa mlangoni petu. Nikajikunja chini ya mkeka. Ndipo mbuzi ya nazi ilipoanza kukwaruza, nikajua ni mama.

Nazi huku kwetu Uluguru ilikuwa kitu cha safari. Mama aliifuata mjini Morogoro, akapanda nayo mlima nusu siku, ameifunga mgongoni kama mtoto mchanga. Mkate wa kumimina alijifunza huko huko mjini, kwenye jiko la mama mmoja wa pwani, mwaka ule baba alipochukuliwa kujenga reli asirudi. Baba alitia kidole kwenye karatasi ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyejua inasema nini. Mama hakuisahau karatasi ile. Kwa hiyo akida alipotoa amri ya Mdachi kwamba kila kijiji kitoe mtoto wa kwenda shule ya serikali, na wanawake wenzake wakawaficha wana wao msituni, yeye alinishika mkono akanipeleka mwenyewe kuandikishwa.

Lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno la mwisho juu yake ni mjomba. Nilikua nikijua hivi: mtoto hatoki kwenda mbali mpaka mjomba aonje chakula chake cha njiani, amtemee mate kidogo kwenye paji la uso, aseme nenda. Asiposema, mtoto haendi. Akienda hivyo hivyo, amejikata kama tawi, na mama yake pamoja naye. Mjomba wangu alikuwa hajasema. Alisema tu atakuja asubuhi.

Mama alikuwa ametwanga mchele kana kwamba umemtukana. Mkate ule haumuki bila kitu cha kuuchachua. Mjini walitia tembo la mnazi. Sisi pombe pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ndani ya mtungi wa tambiko, pombe ya mtama ya wazee wetu waliokufa, ambayo aliye hai haigusi mpaka wao wamwagiwe kwanza. Jana yake jioni nilimwona mama akisimama mbele ya mtungi ule, mikono kiunoni. Kisha akachota upawa mmoja.

"Mtungi ni mkubwa," aliniambia bila kunitazama. "Upawa mmoja hawatauona."

Sasa aliumimina uji ule mzito ndani ya chungu, akafunika kwa kigae, akapalia makaa juu na chini. Moto ulikuwa pande zote mbili, na katikati yake kitu cheupe kikiumuka polepole. Harufu ya nazi na iliki ilijaa nyumba. Nje ukungu ulikuwa umeubana mlango. Nilikuwa na furaha na hofu pamoja.

Mjomba aliingia mkate ulipoanza kuwa wa kahawia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Bado hujawa Mdachi?"

Alikaa upande upande kwenye kigoda. Siku tano nyuma alikuwa amelazwa kifudifudi mbele ya boma na kuchapwa ishirini na tano, kwa kukataa kulima pamba ya serikali. Nguo ilikuwa imeganda mgongoni, na kila alipoinama iliachia kwa sauti ndogo, kama jani linalong'olewa.

"Onja, kaka," mama alisema, akifunua kigae. "Mtoto ana njia ndefu."

"Mkate wa pwani. Huyo Mdachi amekuoa lini, hata uamke alfajiri kumwokea?"

"Sijaolewa na mtu. Mtoto anakwenda kusoma."

Mjomba aliutazama mkate. Kisha akasema, kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "Unajua nani alinihesabia viboko? Si mzungu. Mzungu alikuwa amekaa kivulini anavuta kiko. Alikuwa kijana wa kwetu, mtoto wa shule, ameshika kitabu. Anahesabu kwa sauti nzuri. Alipofika kumi na saba akapotea hesabu, akaanza upya."

"Basi huyu wetu hatapotea hesabu," mama alisema.

Mjomba alimtazama, na nadhani alikaribia kucheka. Nilimwona akinyoosha mkono, akapokea kipande, akakiuma. Nilikuwa nimeshainua uso kungojea mate yake.

Akaacha kutafuna. Akakinusa kipande kile, akageuka kuutazama mtungi pembeni. Jani la mgomba lililoufunika lilikuwa limekaa vibaya.

"Umewaibia wafu," alisema.

"Upawa mmoja, kaka."

"Umewaibia wafu, ukampikia mtumwa wa boma."

Teke lake lilikipasua chungu. Makaa yaliruka hadi kwenye mkeka wangu, moja likanitua juu ya unyayo, na bado nina kovu lake. Mama alipigwa kofi akaenda ukutani. Alirudi kabla sijavuta pumzi, akamwuma mkono, na wote wawili wakaanguka kwenye majivu, watoto wa tumbo moja, wakigombana bila neno kama wanyama wanaogombea shimo moja. Mjomba alijinasua kwanza. Alichukua mchi uliokuwa umeegemea kinu, akanigeukia mimi.

"Nyoosha mguu," aliniambia. "Asiye na mguu haendi shule. Hata akida ataelewa."

Hakuwa amekasirika tena. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kumwokoa mtoto, na jambo hilo hunirudia kuliko yote. Nami, Mungu anisamehe, nilizoea kumtii. Niliunyoosha.

Mama alijua pa kupiga. Alikishika kigae kilichokuwa bado na moto, akakibandika juu ya mgongo ule uliochanika, akakikandamiza kwa mikono yake mwenyewe. Sitaandika sauti aliyoitoa mjomba. Mchi ulianguka, naye akapiga magoti, paji la uso likagusa ardhi.

Mama alilia hapo. "Kaka yangu," alikuwa akisema, "kaka yangu, kaka yangu," huku akiokota nusu ya mkate kwenye majivu, akiupuliza, akiusukuma ndani ya nguo yangu. Uliniunguza kifua. Akanishika kichwa kwa mikono yenye malengelenge, akanitemea mate kwenye paji la uso, yeye mwanamke, kazi ambayo haikuwa yake.

"Nenda," alisema.

Nyuma yake mjomba alikuwa akipapasa chini, akautafuta mchi, akaupata.

"Mama, twende wote."

"Nikitoka mimi, naye atatoka. Nenda."

Alinisukuma ukunguni, akajibakiza ndani, akaufunga mlango. Nikasikia pingo la mlango likiingia mahali pake.