Choroko Zilizobunguliwa

Babu yangu alikuja Bariadi kununua pamba, akabaki. Sisi ni Wahindi wa hapa hapa: nyumbani Kigujarati, dukani Kiswahili, na mama akigombana na wauza nyanya anawamalizia kwa Kisukuma. Kila Januari, kwenye Sankranti, sikukuu yetu ya jua kugeuka, babu aligawa mchele na choroko kwa majirani, na ng'ombe waliopita njiani akawawekea majani mabichi. Wazee wake walifanya hivyo huko walikotoka. Lakini Januari Usukumani ni mwezi mkali. Ghala limebaki vumbi, mahindi shambani bado machanga, watoto wanarudi shule. Sadaka ya babu iliwakuta watu na njaa ya kweli. Naye alikuwa na amri moja: unachotaka kutoa kwa jina la Mungu, kipike kwanza nyumbani kwako, ule. Kikikushinda kumeza, usimpe mtu.

Baba aliishika amri hiyo mpaka alipofariki. Januari iliyofuata kaka yangu, mfanyabiashara wa Mwanza, alikuja tusherehekee pamoja. Mimi nilikuwa naenda Lamadi kumwona shangazi, mgonjwa.

"Nenda tu," kaka aliniambia. "Sadaka nitagawa mimi."

Nikamshukuru. Nikikumbuka nilivyomshukuru, damu inanichemka.

Nilirudi asubuhi ya sikukuu. Sijavua hata viatu, nikamwona mama mmoja jirani yetu amesimama mlangoni na mfuko wa nailoni. Huyu ndiye aliyekaa na mama yangu msiba mzima wa baba, akilala kwenye mkeka sebuleni kwetu.

"Mwangaluka, mwanangu," alinisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Karibu ndani, mama."

Hakuingia. Akanipa mfuko. "Nimerudisha sadaka ya jana. Kuku wenyewe wamezidonoa wakaziacha."

Niliufungua. Choroko zilikuwa zimebunguliwa zote, kila punje ina tundu, na chini unga wa kijivu wenye wadudu wanaotembea. Nilizijua. Zilikuwa zile za gunia lililolowa stoo, nililokuwa nimesema litupwe.

"Kama mwaka huu hamna, mngesema tu hamna," alisema taratibu. "Kukosa ni kwetu sote. Nani angewacheka?"

Akaondoka. Ningefurahi kama angenitukana.

Kaka nilimkuta mezani anakunywa chai, mama kando yake. Niliumwaga ule mfuko mbele yake, juu ya meza.

"Hizi ndizo ulizowapa watu?"

Akasogeza kikombe. "Kwani wamenunua? Mtu anapewa bure halafu anachagua?"

"Ulizipika? Ulizionja?"

"Dini inasema toa. Nimetoa. Hizo nzuri zina mteja Mwanza."

"Hukutoa. Ulikuwa na takataka, ukawafanya majirani zetu jalala! Na ukatumia jina la Mungu, na la baba!"

"Shusha sauti," mama akasema. "Leo sikukuu. Huyo ni kaka yako."

Hilo liliniuma kuliko la kaka. Mama, ambaye miaka yote alichambua choroko za sadaka kwa mikono yake, jiwe moja moja, sasa alikuwa anafuta wadudu mezani kwa kitambaa, ili mwanawe amalizie chai.

Nilikwenda stoo nikafungua magunia ya yule mteja wa Mwanza. Kaka alikuja akasimama kwenye mlango, akasema hapiti mtu. Nikamwambia basi nitawaita majirani waje wamsikie mwenyewe akieleza. Akapisha.

Nilipika sufuria nzima ya mchele na choroko, nikala sahani yangu nimesimama jikoni. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba, nikiomba radhi. Wengine walipokea wakasema yameisha. Yule mama jirani alinikalisha, tukala sahani moja, akanisimulia habari za ndama wake bila kuligusa lile jambo. Lakini mzee mmoja, fundi baiskeli, hakunifungulia. Nilimsikia akikohoa ndani. Nilisimama pale jua likinichoma, nikaondoka na chakula changu.

Kaka alirudi Mwanza mchana ule ule. Jioni akapiga simu, nikadhani ni kuomba radhi. Aliuliza magunia mangapi yamebaki. Nikamkatia.

Sankranti iliyofuata niligawa mwenyewe, na mama akachambua nami. Kaka hakuja, na sikumwita. Fundi baiskeli siku hizi anapita upande wa pili wa barabara. Chumvi na sabuni ananunua duka la mbali zaidi. Watu wananiambia nimsamehe kaka, ndugu ni ndugu. Wanaosema hivyo hawakusimama kwenye mlango ule wa fundi.