Siku Nilipopewa Kumhudumia Baba Mkwe

Niliporudi kutoka Bulgaria, ambako serikali ilikuwa imenipeleka kusomea uuguzi, nilidhani jambo gumu limekwisha. Nilikuwa nimejifunza majina ya mifupa yote ya mwili kwa lugha ambayo kabla ya safari sikuwahi hata kuisikia, na nilikuwa nimefaulu. Mbeya nilifikia kwa dada yangu, mtaa wa Soweto, na kesho yake nikaenda hospitalini na cheti changu. Karani alikipokea kwa adabu, akakitazama, akakigeuza juu chini, kisha akakirudisha kilivyokuwa.

"Dada," akasema, "haya maandishi yanaanzia upande upi?"

Cheti kikapelekwa Dar es Salaam kutafsiriwa, na majibu yakakawia kiasi kwamba katika kungoja nilipata kuolewa na mwalimu aliyefundisha Iringa, nikahamia kwake Kihesa, nikajifungua mtoto wa kiume. Hatimaye baraza la wauguzi likajibu. Nifanye kazi chini ya uangalizi katika hospitali ya Iringa, kisha mkaguzi aje anitazame nikimhudumia mgonjwa. Nikifaulu, nitaandikishwa kuwa muuguzi. Nikishindwa, nianze mafunzo upya, hapa nchini, tangu darasa la kwanza la uuguzi.

Leo, nikiwa mtu mzima niliyepitia pia chuo kikuu, naona baraza lilikuwa na haki ya kuniuliza nilichojifunza huko mbali. Wakati ule niliona aibu tu. Sikuruhusiwa kuchoma sindano bila mwenzangu kusimama karibu, na wagonjwa walipouliza sababu, niliwaambia tu kwamba ndio utaratibu.

Siku chache kabla ya ukaguzi, baba mkwe wangu alikuja kutoka Rungwe kumwona mjukuu wake. Hapa sina budi kueleza. Kwetu sisi Wanyakyusa, mwanamke hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, wala hawakai chumba kimoja. Akimwona anakuja njiani, huingia kwenye migomba mpaka apite. Huko ndiko kumheshimu, na mzee naye humheshimu mkwewe kwa kukohoa mapema, ili apate nafasi ya kujitenga. Baba mkwe wangu alikuwa bingwa wa adabu hiyo. Tangu niolewe nilikuwa nimeyajua makoti yake mawili, fimbo yake, na mgongo wake ukienda zake. Uso wake sikuujua.

Alilala kwa jirani, na mtoto akawa anapelekwa huko mgongoni mwa baba yake. Kila mzee alipokaribia nyumba yetu alikohoa, nami nikajificha nyuma ya mlango wa jiko. Jirani huyo, mama wa Kihehe asiyeficha neno, alinicheka.

"We mama, mkwe wako anakohoa tangu kule sokoni. Hicho kifua au heshima?"

"Heshima," nikamjibu.

"Basi ana heshima nyingi. Jana amekohoa mpaka alfajiri."

Tulicheka sote, na mume wangu akacheka kuliko sisi. Ulikuwa mwezi wa baridi, upepo wa Iringa unapenya kwenye sweta, na mzee alikuwa ametoka na homa ndogo tangu kwao. Alikohoa kwa ugonjwa, nasi tukapisha njia. Siku ya tatu mume wangu alimkuta hawezi kuinuka kitandani, akampeleka hospitali kwa gari la shule. Alilazwa wodi ya wanaume. Mimi nilikuwa wodi ya wanawake, nami sikuwa na shaka kwamba nitakaguliwa huko huko.

Mkaguzi alifika asubuhi iliyofuata. Alikuwa mama wa makamo kutoka Tanga, mwenye sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Akasema wodi za wanawake ameshaziona nyingi mno katika safari hii, twende ya wanaume. Akatembea kati ya vitanda, akasimama.

"Huyu hapa. Amelazwa jana, bado mbichi. Karibu, mwanangu."

Nililijua koti lililotundikwa kwenye msumari juu ya kitanda. Nikageuka nikautazama ukuta, nikamnong'oneza kwamba huyo ni baba mkwe wangu, na kwamba kwetu haiwezekani.

"Kwetu Tanga mkwe unambusu mkono," akasema.

"Kwetu hata kivuli chake simkanyagii, mama."

"Naweza kukupa mwingine. Lakini cheti chako kinasema unaweza kumhudumia mgonjwa yeyote, na mimi nimetumwa kuja kuona kama ni kweli. Amua mwenyewe."

Mzee alikuwa ameshaisikia sauti yangu. Akalivuta blanketi mpaka likamfunika kichwa chote, miguu ikabaki nje.

Mkaguzi akaniangalia. "Mgonjwa amekukataa?"

"Hapana mama. Amenipisha."

Niliposema hivyo nilijua nimekwisha kuamua. Lakini nitasemaje naye? Kitanda cha pili alilala mfanyabiashara wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, aliyevunjika mguu lori lilipopinduka. Nikamgeukia yeye.

"Kaka, naomba umuulize mzee maumivu yako wapi."

Akanishangaa. "Si huyo hapo, sista? Ni kiziwi?"

"Muulize tu."

"Mzee! Sista anauliza wapi panauma."

"Mwambie mbavu za kulia," ikasema sauti chini ya blanketi, "nikivuta pumzi."

"Anasema mbavu za kulia, akivuta pumzi."

"Nimesikia."

"Umesikia? Sasa mimi hapa nafanya kazi gani?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka, ila niliona kalamu yake imeacha kuandika. Nikaendelea hivyo hivyo. Nilipima joto kwapani, nikahesabu mapigo ya moyo kwenye mkono ulionyooshwa kutoka chini ya blanketi, nikasikiliza mgongo. Yule bwana wa vitunguu akapeleka maswali na kurudisha majibu, akiongeza ya kwake, kwamba mzee apewe supu, na kwamba huyu sista ana mikono ya baridi kama bomba la maji.

Lakini pumzi zilikuwa za haraka mno, fupi, na blanketi lilipanda na kushuka kwa namna nisiyoipenda. Nilifundishwa kwamba mgonjwa wa namna hiyo lazima utazame midomo na ulimi wake. Hakuna mkono unaoweza kuyapima hayo.

"Kaka," nikasema, "mwambie mzee nahitaji kumwona ulimi."

Safari hii bwana wa vitunguu hakuongeza neno. Aliupeleka ujumbe kama ulivyo.

"Mwambie," mzee akasema kutoka chini ya blanketi, "mimi nitafumba macho."

Akalishusha blanketi taratibu. Macho yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu, kama ya mtoto anayemwagiwa maji kichwani, na ulimi umetolewa. Nilichokiona kwanza ni mume wangu, akiwa mzee. Paji la uso lile lile, sikio lile lile lililokaa mbali kidogo na kichwa. Kisha nikaona ulimi, nao ulikuwa na rangi ya buluu, ya mtu asiyepata hewa ya kutosha.

"Oksijeni," nikasema kwa sauti kubwa, na mkaguzi akaweka kalamu chini akaja kunisaidia kuusukuma mtungi. Kisha nikamchoma penisilini. Sikutazama uso tena.

Asubuhi ya pili mkaguzi alirudi wodini kumuuliza mgonjwa, kama ilivyo desturi ya kazi yake. Mimi nilibaki nje, karibu na dirisha.

"Mzee, muuguzi wa jana alikuhudumia vizuri?"

"Sikumwona," akajibu.

Nikasogea karibu zaidi na dirisha. Mzee akaendelea bila haraka.

"Mimi nilifumba macho. Lakini usiku wa juzi sikulala, na usiku wa jana nimelala. Andika hivyo."

Mkaguzi alipotoka alinikuta hapo hapo, wala hakujifanya kushangaa.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nimeandika hivyo hivyo alivyosema. Na chini yake nimeandika uandikishwe." Akafunga mkoba wake. "Dozi yake ya saa nne kachome mwenyewe. Usimngoje mtu."

Jioni mume wangu alikuwa amesimama nje ya nyumba na mtoto begani, akiningoja. Nilimweleza kwamba homa ya baba imeshuka, kwamba amekunywa uji na kulalamika hauna sukari, kwamba pumzi sasa ni za mtu aliyelala. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi na yeye.

"Na wewe je?" akauliza.

"Mimi nimepita," nikasema, nikampokea mtoto.